Mlinzi wa Garaji Tupu

Mwezi uliopita wezi waliingia katika garaji yangu hapa Mutanga Nord, Bujumbura. Gari hawakuligusa. Walichukua pampu ya maji, majembe mawili, mpira wa kumwagilia bustani na baiskeli ya mwanangu ambayo haikuwa hata na gurudumu la mbele, na hiyo baiskeli ndiyo imenisumbua kuliko vyote, maana bado najiuliza walikwenda nayo wapi. Nikamwita fundi wa milango. Akaja kijana mpole na mashine yake ya kuchomelea na mfuko wa matambara. Alipomaliza kupaka grisi bawaba mpya, akachomoa kwenye mfuko kipande cha sweta kuukuu ya mtoto, akajifuta vidole kimoja kimoja. Upepo ukaniletea harufu. Ilibidi nikae kwenye kizingiti. Kijana akaniuliza kama kichwa kinaniuma, nikamwambia hapana, ni jua tu.

Ile ni harufu ya grisi iliyoingia ndani ya sufu. Ndiyo harufu ya garaji ya baba yangu, na nilikuwa sijaisikia tangu tuondoke mtaa wa Jabe.

Wale wa rika langu waliokulia Jabe hawahitaji kuelezwa jinsi nyumba zilivyobanana. Mlango wa mtu mmoja ulitazama chungu cha mwenzake, na soko lilikuwa halina mwisho unaojulikana. Wauza nyanya walikuja mpaka karibu na kizingiti chetu. Baba alikuwa fundi wa pikipiki na mashine ndogo ndogo za kusaga. Garaji yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kina mlango mmoja na dirisha moja. Ndani mlikuwa na giza na joto, na kila kitu ulichogusa kilikuachia alama ambayo Mama aliiona kabla hujafika jikoni. Mimi nilipenda mle ndani kuliko mahali popote. Baba alikuwa hana mtoto wa kiume wakati ule, na hakuna mtu aliyenifukuza.

Baba alikuwa na wivu na vifaa vyake. Alikuwa na seti ya kle, yaani spana, aliyorithi kwa bwana mmoja aliyemfundisha kazi, na alikuwa akisema bila kle zile yeye ni mtu wa kubeba mizigo tu sokoni. Kwa hiyo aliilinda garaji ile mpaka watu wakamcheka. Dirisha alilifunga kwa minyororo ya pikipiki iliyochakaa, ameichomelea kama wavu. Kufuli, au kadena kama tulivyoita, alilitia ndani ya kipande cha bomba la chuma ili msumeno usilifikie. Sanduku la vifaa alilifunga kwenye sakafu ya saruji kwa nati nne. Nyuma ya mlango alitundika makopo yenye kokoto, na mtu akisukuma tu, mtaa mzima unasikia. Na kila kle, kila bisibisi, kila nyundo, aliipaka mpini rangi ya kijani, kisha akaichora mikwaruzo mitatu kwa tupa. Mimi niliamini rangi ile ndiyo yenye kazi. Nilidhani mwizi akigusa kijani mkono wake unakufa ganzi, na sikuelewa kwa nini Baba anajisumbua na makopo.

Halafu likaja jambo la Ijumaa.

Mtaa wetu ulikuwa na mafundi wengi, na karibu wote walikuwa Waislamu, watoto wa wazee waliokaa mji huu siku nyingi. Ijumaa mchana, azana ikitoka, nyundo zilinyamaza mlango kwa mlango. Wanaume waliosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, wakavaa kanzu, wakaenda. Kwa saa moja na zaidi kulikuwa karibu hakuna mwanaume mtaani, na kinu cha unga kilichokuwa jirani, cha mtu ambaye hakuwa Mwislamu, kilinguruma kiasi kwamba ungeweza kubomoa ukuta na mtu asigeuke. Ijumaa moja garaji ya fundi wa taa za magari ikavunjwa. Ijumaa iliyofuata ikavunjwa ya mume wa Shangazi, dada yake Baba. Kufuli hawakuligusa hata kidogo. Walifungua visi, yaani skrubu, vya bawaba kwa utulivu, mlango wakauegemeza ukutani vizuri, wakaondoka na vyote.

Mume wa Shangazi hakufanya kazi tena kwa muda mrefu. Alikaa nje ya garaji yake, mikono safi, na mikono ile safi iliniogopesha. Shangazi alikuwa mtu wa vicheko, anayejua habari za kila nyumba na kuzipamba kidogo. Tangu siku ile akawa anasema kwa ufupi na kuangalia mifuko ya watu.

Baba alibadili bawaba zote, akazichomelea kwa ndani. Lakini hakulala raha. Ijumaa iliyofuata hakwenda msikitini, alibaki kukaa mlangoni pa garaji, na ya pili yake vilevile. Niliwasikia yeye na Mama wakizungumza jikoni.

"Ya tatu utaenda," Mama alisema. "Tatu mufululizo, apana. Unajua inavyosemwa, moyo unapigwa muhuri."

"Najua."

"Basi uache zamu."

"Nani? Vijana wote wanaswali."

Zamu ni mlinzi, na mlinzi wa Ijumaa mchana katika mtaa ule ilibidi awe mtu asiyekwenda msikitini. Ndipo akaingia Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa Mkongomani kutoka Uvira, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, anakaa chumba kimoja ng'ambo ya kijia chetu. Binti yake, huyo Sifa, alikuwa amebaki kwa nyanya yake upande wa pili wa mpaka, na mama mtu alikuwa akimtaja kila siku kana kwamba ametoka kidogo kwenda kuchota maji. Aliuza chaguwa, nguo za mitumba. Alinunua bunda, akalichambua, akashona vifungo na kuziba matundu, na zile nguo zisizouzika kabisa, sweta zilizoliwa na panya, suruali zenye mguu mmoja, alimletea Baba kila Alhamisi kwa beseni zikawe matambara ya kufutia mafuta. Baba naye alimtengenezea cherehani yake. Hawakuwa wakihesabiana. Jumapili Mama Sifa akienda kanisani kwake, kuimba huko mpaka saa saba, Mama alimwangalizia mlango.

Kuanzia Ijumaa ile ya tatu, Mama Sifa akawa anakuja na kigoda chake saa sita, anakaa mbele ya garaji yetu na sindano na uzi, na Baba anakwenda kuswali. Mtaa mzima ulimwona. Wengine walisema ni akili nzuri. Shangazi alisema, "Kaka yangu amempa paka kulinda maziwa," kisha akacheka bila furaha. Mimi nilimpenda Mama Sifa, kwa sababu aliniachia vifungo vilivyobaki peke yao. Nilikuwa na kopo zima.

Sasa niseme nililoliona, kama nilivyoliona wakati ule.

Alhamisi moja nilitoka chuo cha Kurani mapema, mwalimu alikuwa na homa. Nikapita kwenye kijia nyuma ya garaji. Mama Sifa alikuwa anatoka, beseni kichwani, kitenge kimefunika juu. Alikuwa ameshaacha matambara, kwa hiyo beseni lilipaswa kuwa tupu. Lakini alitembea polepole, amekaza shingo, mkono mmoja umeshika ukingo, na nguo hazilemei shingo ya mtu namna ile. Alipoinama kupita chini ya kamba ya kuanikia, kitenge kikateleza. Nikaona mpini. Ulikuwa wa kijani, na mikwaruzo mitatu niliihesabu. Akakirudisha kitenge haraka, akaangalia huku na huku, akavuka kijia, akaingia kwake.

Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Jambo la kwanza nililowaza, sifichi, lilikuwa kwamba mkono wake haukufa ganzi. La pili lilikuwa kwamba Mama Sifa ni mwizi. Nilikuwa nimejengewa picha ya mwizi, mtu mwenye macho mekundu na mikono mirefu, na sasa picha yote ilimezwa na mwanamke aliyenipa vifungo. Nililia kidogo nyuma ya tangi la maji. Halafu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikaanza kujisikia mkubwa. Nilijua kitu ambacho watu wazima hawakijui.

Ningeweza kumwambia Baba. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia. Nadhani niliogopa uso wake, maana alimheshimu sana Mama Sifa. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa katikati ya magoti ya Shangazi, ananisuka.

"Leo nani amekufunga mudomo?" akaniuliza.

"Hakuna."

"We mutoto usinidanganye. Kichwa chako kimekaza."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpini, kijani, mikwaruzo, shingo, na jinsi alivyoangalia huku na huku. Vidole vya Shangazi vikasimama kwenye nywele zangu. Akamaliza mstari ule mmoja, akauacha upande wa pili haujasukwa, akanyanyuka na kwenda. Nilikaa pale nusu kichwa nimesukwa, nusu sijasukwa, nikijisikia mtu muhimu sana.

Siku hiyo alikuwa amefariki mzee mmoja wa msikitini, na baada ya swala Baba akaenda na wengine makaburini. Mafundi waliorudi moja kwa moja walimkuta Shangazi anawangoja barabarani. Waliingia kijia chetu kama watu sita au saba, wamevaa kanzu zao safi. Mume wa Shangazi alikuwa mbele. Mama Sifa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya garaji yetu, anashona kola ya shati. Wakampita bila salamu, wakavuka, wakaingia chumbani kwake.

Mlango wake ulikuwa na komeo la waya tu. Wakatoa bunda la nguo, wakalifungua kijiani. Sketi, makoti ya baridi ambayo hakuna anayeyahitaji Bujumbura, soksi za watoto. Halafu chuma kikaanza kulia juu ya mawe. Zilitoka kle zote, kubwa mpaka ndogo, zimefungwa kila moja kwa kitambaa chake.

Shangazi akaokota moja. "Hii rangi ya nani?"

Mama Sifa alikuwa amesimama, shati bado mkononi. "Ni ya Baba ya uyu mutoto," akasema.

"Na imefika kwako kwa miguu?"

"Mumungojee mwenyewe arudi."

"Tumungojee tufanye nini? We ndiye umemaliza mutaa muzima. Mume wangu ameketi nje kama mugonjwa, na we unakuja kukaa hapa Ijumaa, unatuhesabu tukitoka."

"Mumungojee mwenyewe," Mama Sifa akarudia, kwa sauti ileile ya chini.

Mtu mmoja akasema apelekwe kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa. Mwingine akauliza kama ana karatasi za kukaa nchini, na hapo nikauona uso wa Mama Sifa ukibadilika. Karatasi yake ilikuwa imekwisha muda, kila mtu alijua, kwa sababu alikuwa amemwomba Mama amsindikize kwenda kuomba nyingine. Hata mimi nilielewa: akifika kwa shefu na jina la mwizi, atavushwa mpaka, na huko alikokimbia ndiko atakakorudi. Nilitaka kusema nimekosea, lakini sikuwa nimekosea, kle zilikuwa pale chini.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo. Alisukuma watu mpaka akamfikia. Akamshika bega.

"Mama Sifa, niangalie. Kama ni bwana yangu alikupa hivi vitu, sema. Neno moja tu."

Mama Sifa alimwangalia Mama. Halafu akawaangalia wale wanaume, mmoja mmoja, na mwisho akaniangalia mimi, nusu kichwa nimesukwa. Alijua. Nina hakika alijua palepale. Akafunga mdomo wake, akainama, akaanza kukusanya soksi za watoto na kuzirudisha kwenye bunda, mbili mbili, kila moja na mwenzake. Hawakumwacha amalize.

Walimchukua kwa miguu kuelekea biro, ofisi ya shefu. Hakuna aliyempiga, hilo niliseme. Lakini kilemba kilimtoka, na wauza nyanya waliacha nyanya zao wakaja kutazama, na neno lilitangulia mbele yetu kwenye midomo ya watu nisiowafahamu. Mama alitembea naye bega kwa bega. Mimi nilifuata nyuma nimeshika kilemba chake, sijui nani aliniambia nikiokote.

Tulikutana na Baba kwenye kona ya kinu. Alikuwa anatoka makaburini, miguu ina udongo. Aliona kle mikononi mwa shemeji yake, akamwona Mama Sifa kichwa wazi, akasimama.

"Mwachieni," akasema.

"Kaka, tumemukamata na vitu vyako," Shangazi akasema. "Mutoto wako mwenyewe alimuona."

"Vitu hivyo mi nilimupa."

Kinu kilikuwa kinanguruma, kwa hiyo watu wa nyuma hawakusikia, wakawa wanauliza amesema nini. Baba akamwashiria mwenye kinu azime. Kikazimwa. Sijawahi kusikia ukimya kama ule katika Jabe.

"Mi nilimupa," akasema tena. "Kila Alhamisi anabeba kwa beseni, Jumamosi anarudisha. Garaji iko tupu kila Ijumaa. Anakaa pale analinda sanduku tupu, ili mwizi akija apate mabati."

"Kwa nini ulituficha?" shemeji yake akauliza. "Kwa nini sisi hatukujua?"

Sasa hivi ninaelewa kwamba Baba angeweza kutafuta jibu jingine. Angesema alisahau, angesema ni mambo ya nyumbani.

"Kwa sababu mwizi wa Ijumaa ni mutu anayeijua Ijumaa," akasema. "Anajua hutuba inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi. Nilidhani ni mumoja wetu. Nilipokuwa nimesimama kwenye safu, nilikuwa naangalia miguu ya watu, nahesabu nani hayuko. Munisamehe. Nilikuwa siswali, nilikuwa nahesabu."

Shemeji yake akaziweka kle chini, taratibu, akaondoka. Wengine wakafuata, na yule fundi wa taa, rafiki yake Baba tangu chuo, alipita karibu naye bila kumwangalia. Shangazi alibaki amesimama mikono imelegea. Halafu naye akaenda.

Mama akaniondolea kile kilemba, akamfunga Mama Sifa mwenyewe, pale barabarani. Alikuwa analia kwa hasira. "Nilikuuliza," akamwambia. "Nilikuomba neno moja. Kwa nini hukusema?"

Mama Sifa akamwelekea Baba. "Ulisema ata bibi yako asijue," akamjibu. "Na pale kulikuwa batu yako ya musikiti. Ningesema, bangejua unabawazia nini. Ilikuwa neno yako, si yangu."

Huyo ndiye niliyemwita mwizi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nyumbani hakuna aliyenichapa, na ningefurahi kuchapwa. Mama alinisuka upande wa pili wa kichwa bila kuzungumza. Baba alisalimiwa kwa midomo tu. Ijumaa ikaja, kigoda cha Mama Sifa hakikuonekana, na Baba akabaki garajini, amekaa juu ya sanduku. Nilijua anahesabu upya: moja. Ijumaa nyingine ikaja, akabaki. Mbili.

Kwa Mama Sifa ilikuwa mbaya zaidi. Sasa Jabe nzima ilijua kwamba mlango wake unafungwa kwa waya, na kwamba vitu vya thamani viliwahi kulala mle. Hakuthubutu kuondoka. Aliacha kwenda sokoni mchana, akauza mlangoni. Jumapili tulisikia nyimbo za kanisa lake kutoka mbali, naye amekaa kizingitini, anatikisa kidole gumba kwa kufuatisha. Mama alijitolea kumwangalizia kama zamani. Akakataa kwa adabu.

Baada ya Jumapili ya pili Baba alinishika mkono, tukavuka kijia. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuposa. Mama Sifa alitukaribisha, akafuta viti viwili. Baba alisema maneno yake ya kuomba radhi, mengi na mazuri, akanisukuma mbele. Mimi maneno yangu yote yalipotea.

Mama Sifa akaniuliza, "Uliona nini siku ile?"

"Mpini," nikasema. "Wa kijani."

"Na nini ingine?"

"Ulikuwa unatembea polepole. Shingo ilikuwa imekaza."

"Ilikuwa inaniuma," akasema. "Vyuma bya baba yako ni bizito. Uliona shingo, lakini aukujua ya kama inauma."

Nilianza kulia, na safari hii sikujificha. Hakunikumbatia. Alinipa kitambaa kutoka kwenye lile bunda la matambara, nikapenga kamasi, akaendelea kushona mpaka nikamaliza. Halafu akamwambia Baba, bila kuinua macho kwenye sindano, "Alhamisi nitakuletea matambara, Ijumaa nitakuja na kigoda. Vile vyuma birudi apa kwangu, bikae mpaka Jumatatu."

Baba hakuelewa. "Hapa? Kila mutu ameona hapa."

"Ndiyo. Na kila mutu anajua ya kama we si mujinga wa kubirudisha. Apa ndipo abatatafuta tena." Akakata uzi kwa meno. "Lakini na mi nina sharti. Nimechoka kusikia wimbo kwa mbali. Siku ya Mungu uyu mutoto ndiye atanichungia nyumba. Si mama yake. Yeye."

Baba akaniangalia, na nikaona kwamba anaogopa. Tulikuwa watatu tu tunaojua, na mmoja wetu ni mimi.

Jumapili iliyofuata Baba alikuwa amemwekea mlango komeo la chuma, lakini Mama Sifa aliondoka na kitenge chake cha kanisani bila hata kugeuka kulijaribu. Nilikaa kizingitini tangu asubuhi. Watoto wenzangu walikuja kuniita tukacheze kamba, nikakataa. Wauza nyanya waliniuliza nimeadhibiwa nini. Jua lilifika magotini, likafika kifuani. Nyuma yangu, ndani ya koti moja la baridi, chini ya soksi za watoto, zilikuwa kle za baba yangu, na mimi sikuegemea mlango nisije nikaonekana naficha kitu.

Ndipo nikamwona Shangazi anakuja. Alikuwa hajakanyaga kijia kile tangu siku ile. Ameshika sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga, amefunika kwa kitambaa, na anatembea kama mtu anayeweza kubadili mawazo wakati wowote. Akasimama mbele yangu.

"Mama Sifa yuko?"

"Ameenda kanisani."

"Na we unafanya nini hapa?"

"Ninachunga."

Shangazi akatazama lile komeo jipya la chuma. Akalitazama muda mrefu, na alikuwa mtu aliyeolewa na fundi, alijua mkono wa kaka yake ulivyochomelea. Kisha akanitazama mimi.

"Unachunga nini humo ndani?"

Huyu ni mtu niliyekuwa namwambia kila kitu. Magoti yake ndiyo yaliyokuwa yananibana masikio nikisukwa.

"Chaguwa tu, Shangazi," nikasema. "Soksi za watoto."

Mpaka leo sijui alijua au hakujua, na alikufa kabla sijawa na ujasiri wa kumuuliza. Alihamisha sahani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akakunja kitenge chake magotini.

"Basi sogea kidogo," akasema, akakaa.